Hawa Hakuachia Kamba

Sauda mwanangu,

Usinitafutie salamu hapa. Salamu tumepeana tangu asubuhi, na zilizobaki wamezimaliza wageni wa harusi. Wewe umelala chumba cha pili na wifi zako, nakusikia unakohoa kwa moshi wa udi waliokufukiza, na mimi nimekaa sebuleni kwetu hapa Awindiri, nimeegemea sanduku lako kubwa. Kesho basi likiondoka Arua utakuwa mke wa mtu safarini, na mimi nitarudi kufagia maganda ya karanga.

Sitakuandikia namna ya kupika wala namna ya kumwamkia mama mkwe. Unayajua hayo, na usiyoyajua utafundishwa kwa masimango kama nilivyofundishwa mimi. Sitakuandikia pia habari za maji ya akiba, tochi, na vyeti kwenye mfuko wa nailoni. Huko Mtwara unakokwenda wanasema kimbunga hutangazwa redioni kabla hakijafika, na watangazaji watakusomea hayo yote kwa sauti nzuri kuliko yangu. Mimi nakuandikia lile ambalo redio haitalisema.

Tena nakuandikia kwa sababu ya maneno uliyonitupia jikoni, siku ile nilipokukataza kwenda. Uligeuka na mwiko mkononi, unga unadondoka sakafuni, ukaniambia: "Mama, wewe ndiye uliyemwambia dada ashike. Halafu mkamsingizia maiti." Nikakuzaba kofi. Kofi lile silirudishi. Ulilistahili kwa ile sauti, mtoto hamsemeshi mama yake vile hata kama mama ni mwizi. Lakini maneno yalikuwa ya kweli, na tangu siku hiyo tunapishana humu ndani kama wapangaji. Sasa unaondoka, na mimi sitaki uende na nusu ya habari. Ulikuwa mdogo, ulikuwa chini ya kitanda. Chini ya kitanda mtu husikia tu, haoni.

Unajua mimi ni mtoto wa Kibra, Nairobi. Babu zetu walikuwa askari, wakawaachia watoto wao nyumba za udongo na majivuno. Upepo niliokua nao mimi ulikuwa wa kurusha karatasi na kufunua gurbaba, nguo za kujifunga za wanawake, watu wakacheka, basi. Nilipoletwa Koboko, huku Uganda, kuolewa na baba yako, tukajenga kijijini Midia, ndipo nilipokutana na upepo wa huku. Wewe umeuona. Jua linakaanga ardhi mpaka inapasuka, halafu mchana mmoja mbingu upande wa Kongo inageuka rangi ya bilinganya, ndege wananyamaza, na kabla hujaanua nguo umeshapigwa. Mwaka wangu wa kwanza uliondoka na jiko lote, nikabaki na mafiga. Nililia. Baba yako alinicheka, akasema, "Wewe iko mutu ya mji. Hii bado upepo."

Ni yeye aliyeleta kamba. Katika jeshi walilala kwenye hema, na upepo ukija kila askari alishika kamba yake, hakuna kuachia mpaka mkubwa aseme. Alinieleza hivyo mara ngapi sijui. Aliporudi nyumbani na mfuko wake mmoja, ndani mlikuwa na shati, filimbi, na kamba za hema. Tulipoezeka nyumba mabati, wenzetu wakaweka mawe na magunia ya mchanga juu ya paa kama kawaida. Baba yako akasema mawe ni ujinga, bati likiruka jiwe linashuka kitandani. Hapo alikuwa na haki. Kisha akafunga kamba kwenye mbao za paa, kila pembe kamba yake, zikaning'inia ndani ya nyumba. Upepo ukija, kila mtu anakwenda kwenye pembe yake, anazungusha kamba mkononi mara mbili isiteleze, ananing'inia kwa uzito wake wote. "Nyumba iko kama hema tu," alisema. "Watu yake ndiyo mawe yake."

Mwanangu, nyumba si hema. Hema ni nguo, upepo ukishinda unabaki na nguo mkononi. Paa la mbao na mabati lina uzito wa kukuua na lina upana wa kuruka, na uzito wa mtoto wa kike kwake ni sawa na uzito wa kuku. Fundi yeyote wa Koboko angetuambia. Hatukuuliza. Nani amuulize fundi wakati nyumbani kuna askari?

Na tuliipenda ile kazi, nisikudanganye. Tulifanya gwaride la upepo kila masika yalipokaribia. Baba yako anapuliza filimbi tukiwa tunakula, tunaacha bakuli, tunakimbilia pembe zetu, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Wewe ulipewa chini ya kitanda kwa sababu hukufika hata kwenye fundo. Ulikuwa unanuna, unataka kamba yako. Dada yako Hawa alikuwa wa kwanza siku zote. Alikuwa na miguu mirefu kama ya baba yenu na kiburi changu. Anafika kwenye pembe yake, pembe ya mlangoni, anajifunga mara mbili mkononi, anatupiga jicho sisi tuliochelewa. Baba yako alikuwa akimwita "koplo wangu." Siku zile ningekuambia hakuna nyumba iliyojiandaa kwa upepo kama yetu kutoka Midia mpaka mpakani.

Jirani yetu upande wa shamba la tumbaku alikuwa Mama Poni. Huyu unamkumbuka, yule aliyekuwa akikupa simsim ya kuganda. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, mume hakuwapo, na watoto wamejaa kama vifaranga. Yeye upepo ukianza kunusa tu, anafungua mlango na madirisha yote, anakusanya watoto wake, anakimbia nao nyuma ya kichuguu kikubwa, wanalala kifudifudi kwenye shimo walilochimba udongo wa matofali. Wanalowana, wanatetemeka, wanaliwa na siafu. Sisi tukiwatazama kutoka dirishani tulikuwa tunakufa kwa kicheko. Baba yako alimwita mwanajeshi mtoro. Mimi nilimwambia usoni, kisimani, mbele ya wanawake: "Mwenzangu, nyumba yako ikikuona unavyoikimbia haioni haya?" Akanijibu kwa kile Kiswahili chake cha taratibu, "Nyumba itajengwa, Mama Hawa. Mimi naogopa sana." Wanawake wakacheka. Nilijiona hodari.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi methali hiyo nilikuwa nikiisema tangu Kibra, naisema kwa mdomo, kama mtu anayeimba wimbo wa lugha asiyoijua.

Siku yenyewe baba yako hakuwepo upande wetu wa nyumba. Alikuwa chumba cha nyuma anaingiza magunia ya mahindi. Mimi nilikuwa nakaanga samaki barazani. Nilipoinua macho bilinganya ilikuwa imeshafika juu ya msikiti. Filimbi ikalia. Nikaacha karai motoni, nikakimbia ndani, nikakushika shingo nikakusukuma chini ya kitanda, na ukanuna kama kawaida yako. Hawa alikuwa ameshafika. Ameshajifunga. Alikuwa na nguo ya shule, viatu hana.

Mabati yalianza kupiga kelele ambazo mpaka leo nikisikia lori la mabati linapita barabarani naingia ndani. Mlango ulifunguka wenyewe, komeo likaruka. Upepo ukaingia nyumbani kama mwenye nyumba. Hapo ndipo paa lilipoanza kupumua, Sauda. Linapanda, linashuka. Likipanda, vidole vya miguu ya Hawa vinaacha sakafu. Likishuka, anasimama. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili hakucheka. Akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ndogo, sauti ya mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka darasani: "Mama, niachie?"

Nikamwambia, "Shika!"

Hilo ulilisikia. Umelibeba miaka yote, ukanipa jikoni. Haya. Sasa lile ambalo hukuliona kwa kuwa ulikuwa chini ya kitanda.

Mimi nilipokuwa nikimwambia mwanangu ashike, kamba yangu nilikuwa sina. Mikono yangu ilikuwa na mafuta ya samaki. Niliishika kamba, ikateleza, ikanitoka, ikawa inacheza hewani juu ya kichwa changu. Ningeweza kuifuta mikono kwenye kanga nikaidaka tena. Sikuidaka. Nilirudi nyuma mpaka ukutani nikabana mgongo, na kutoka ukutani pale nikapaza sauti: shika. Miaka yote nimejiambia ni mafuta. Labda ni mafuta. Labda mwili wangu ulikuwa na akili kuliko mdomo wangu, ukajiachia wenyewe na kuuacha mdomo uendelee kutoa amri. Hawa aliniona. Alinitazama nilivyokuwa ukutani mikono mitupu. Na bado akashika, kwa sababu nilikuwa nimesema.

Paa liliondoka upande wake. Sitakuandikia zaidi ya hapo. Fundo la kamba lilikuwa zuri, baba yako alifunga mwenyewe, na mara mbili za mkononi hazikuteleza. Tulimkuta kwenye shamba la muhogo la jirani, chini ya bati na mbao. Mvua ya mawe ilikuwa imeshakwisha na jua limetoka. Wallahi jua lilitoka, zuri kabisa, na Mama Poni alikuwa anaibuka kwenye shimo lake, anahesabu watoto wake wenye matope, na wote walikuwepo.

Nilimchukia. Ukitaka kujua mama yako ni mtu wa namna gani, ni huyo. Mwanangu yuko chini ya bati, na kitu cha kwanza nilichohisi si huzuni, ni chuki juu ya mwanamke mwenye watoto hai. Alikuja mbio kunisaidia kuinua bati, nikamsukuma. Nyasi za nyumba yake zilikuwa zimetawanyika shamba zima, hana hata pa kuketi, na bado nilimwona ameninyang'anya.

Baba yako alifika kabla ya watu. Alipiga magoti, akafungua ile kamba mkononi mwa Hawa. Fundo lilikuwa limelowa, akatumia meno. Akaisokota, akaitia mfukoni. Watu walipojaa, mwenyekiti wa kijiji akauliza imekuwaje, na baba yako, askari, mtu aliyesimama mbele ya risasi, akasema: "Aliachia kamba." Wote wakanigeukia mimi. Nikasema, "Ndiyo. Aliachia."

Bibi yako mzaa baba na mimi ndio tuliomwosha. Alama ya kamba ilikuwa pale mkononi, imezunguka mara mbili kama alivyofundishwa. Bibi yako aliiona. Alinitazama, mimi nikatazama ndoo, akaendelea kumwagia maji. Alikufa bila kunisemesha tena ila kwa mambo ya chumvi na kuni.

Sasa sikia ukatili wa uongo, mwanangu. Nilidhani uongo ni kitu cha kusema mara moja kikaisha. Midia yote iliushika. Watu waliona upande wa nyumba yetu ambao baba yako alikuwamo umebaki, wakasema ahaa, walioshika wamepona, aliyeachia amekufa. Wakaanza kufunga kamba kwenye mapaa yao! Mpaka na mjini Koboko. Mtoto akizembea, mama yake anamwambia, "Shika, usiwe kama Hawa." Nilisikia kwa masikio yangu nikipita njiani na kibuyu. Usiwe kama Hawa. Mtoto pekee katika nyumba ile aliyeshika mpaka mwisho, na jina lake likawa tusi la mzembe. Sikugeuka. Niliendelea kutembea, maji yakinimwagikia mgongoni.

Ndiyo maana tulihamia hapa Awindiri. Baba yako aliwaambia watu ni kwa ajili ya shule yako, na wewe uliamini, ulikuwa ukijivuna. Alitaka nyumba yenye dari, asione mbao. Lakini umemwona mwenyewe: upepo ukivuma kidogo tu, anasimama katikati ya sebule, mzee mzima, mikono imeinuliwa juu, anashika hewa. Mlikuwa mkimcheka wewe na rafiki zako. Nilikuacha ucheke.

Na kamba? Baba yako alitaka kuizika. Mimi nikamwambia kamba nzuri haitupwi. Ndiyo ile ya kuanikia nguo pale uani. Sare zako zote za shule zimekauka juu yake, na juzi shela yako ya harusi. Ukiniuliza kwa nini niliifunga pale, sijui kukujibu vizuri. Nilitaka kuiona kila siku. Nilitaka kuipa kazi ya kipumbavu. Usinionee huruma, na usinionee kinyaa, fanya unavyotaka, lakini jua.

Basi, umeolewa na Ratib. Nilikukataza kwenda Mtwara ukadhani namchukia. Simchukii. Ratib si mtu mbaya, na hiyo ndiyo balaa. Mtu mbaya ungemkimbia. Huyu ni kijana wa Koboko, baba yake askari, babu yake askari, anasali, ana mikono ya kazi, magari makubwa ya huko Mtwara yote yanalala gereji kwake yakiharibika, na anampenda baba yako kuliko anavyonipenda mimi. Siku alipokuja na wazee wake kuposa alitoa simu amwonyeshe baba yako picha za nyumba aliyojenga. Nami nikainama kuangalia, nikitafuta jiko. Nikaona kwenye kila mbao ya paa pete ya chuma, na kwenye kila pete kamba mpya ya buluu inaning'inia. Akasema kwa heshima, kichwa ameinamisha: "Baba, hii nimefanya kwa ajili yako. Huko kimbunga kinakuja. Mimi nilikulia kwa hadithi ya nyumba yako." Baba yako alirudisha simu. Nikaenda jikoni nikakukuta unakoroga unga wa mkate wa gurusa, nikakuambia huendi popote. Mengine unayajua.

Lakini jana usiku hujui, maana ulikuwa unapakwa hina kwa shangazi yako. Ratib alikula hapa nasi. Nilipomwekea samaki nikamwambia wazi, bila kumzungusha: "Baba, ukifika toa zile kamba." Akacheka kidogo, yule anacheka na macho. Akasema, "Mama, kwani iko nini? Si unajua mwenyewe, aliyeshika anapona."

Baba yako akaacha tonge. Tangu siku ile ya Midia sikuwa nimemsikia akitaja jina lile. Akasema, "Hawa hakuachia."

Ratib akamgeukia.

"Hawa alishika," akasema baba yako. "Mimi nilitoa kamba kwa mkono yake. Na meno. Watu waliuliza, mimi nikasema uongo juu ya mtoto yangu. Mutu aliachia kamba siku ile…" Hapo akanitazama. Sauda, alikuwa anajua. Miaka yote hii alikuwa anajua kuhusu mikono yangu. Nilingoja amalize. Akasema, "Toa hiyo kamba, kijana yangu. Nyumba hapana hema." Akanawa mikono, akatoka uani, akasimama gizani karibu na nguo zilizoanikwa.

Nikashukuru Mungu. Nikasema basi, yamekwisha, kijana amesikia. Ratib machozi yalimtoka kweli. Alimwombea Hawa, akaniambia pole Mama, pole sana. Kisha akavuta pumzi, akasema, polepole, kama mtu anayenifariji: "Lakini Mama, mbao zenu zilikuwa za mti laini. Zangu ni mninga. Haziwezi kung'oka. Na nyumba mimi siiachi, wezi wa kule wanakuja nyuma ya upepo."

Unaona? Nilimtolea maiti wangu mezani, na yeye akaangalia aina ya mbao.

Ndiyo maana nasema hivi, na nitasema mara moja. Mumeo hatazitoa kamba. Utamwomba, atakukumbatia, atakuambia nyumba ni yenu wote. Siku redio ikisema tokeni, yeye ataangalia mbingu na kusema bado. Atakupa pembe yako. Atakuwa mpole, atakufundisha kuzungusha mara mbili. Wewe siku hiyo uwe mtoro. Fungua mlango, chukua mtoto kama Mungu amekupa mtoto, nenda shuleni, msikitini, kwenye jengo lolote la zege, na kama hakuna jengo lala shimoni na siafu kama Mama Poni. Akikuita rudi, usirudi. Akikuita kwa jina lile analokuita mkiwa wawili, usirudi. Akibaki amening'inia kwenye kamba yake ya buluu, mwache. Utalia ukiwa hai. Nyumba itajengwa. Mume… astaghfirullah, nilitaka kuandika neno baya. Liache.

Watakucheka. Majirani wa Mtwara watasema mwanamke wa Uganda anakimbia nyumba yake kama kuku, na upepo wenyewe umepita pembeni. Mara nyingi utapita pembeni, ndilo jambo baya kuliko yote. Utakimbia bure mara nyingi, utarudi umelowa ukute mumeo amekaa kavu anakunywa chai. Kimbia tena. Mimi ningetoa macho yangu yote mawili nichekwe kisimani leo na Hawa yupo nyumbani anasuka nywele.

Siombi msamaha wako. Msamaha si wako kuutoa, mwenyewe yuko Midia chini ya ule mchanga mwekundu. Na usinitumie ujumbe wa kunibembeleza ukishasoma, sitaujibu. Nitakachofanya ni hiki: ukishaondoka nitapanda gari la Koboko, niteremke Midia, niende kisimani wakati wa kuteka maji, wakati wanawake wote wapo. Niwaambie ni nani aliyeshika na ni nani aliyeachia. Waniite watakavyoniita. Mama Poni bado yupo, ana wajukuu sasa. Atakuwepo kusikia.

Kwenye sanduku lako dogo, chini ya kawa nililokusukia, nimeweka kisu. Usishtuke, si cha jikoni. Usikitie jikoni hata siku moja. Kikae karibu na mlango, juu, mahali mkono wako unafika na wa mtoto haufiki. Ikitokea umechelewa, ikitokea umependa na umeshajifunga, kata. Nimekinoa leo, na nimekijaribu kwenye kamba ya uani. Kimekata mara moja tu. Nguo za baba yako zote ziko chini kwenye vumbi, kesho nitazifua upya na sijui nitazianika wapi.

Kesho kule kituoni utanikumbatia, nakujua, utanishika kwa mikono yote miwili na hina yako, ulie, kondakta apige bati la basi atuharakishe. Mimi ndiye nitakayeachia kwanza. Nitakuondolea mikono yangu mapema, mbele ya watu, na watasema mama yule ni mkavu. Usidhani ni lile kofi, na usidhani sikupendi. Hapo mlangoni mwa basi ukigeuka na kuniuliza kwa macho, kama mwenzio alivyoniuliza siku ile, jibu langu utakuwa unalijua tayari.

Achia, mwanangu.

Mama yake Hawa na Sauda